UZI: Kudai njia za baiskeli mjini. Uombe nini, umwombe nani, na vipimo gani usikubali vipunguzwe

Spoku36 (mleta uzi)

Wakuu, barua nyingi za kudai njia za baiskeli zinakufa kwa sababu moja: haziombi kitu. "Tunaomba miundombinu rafiki kwa waendesha baiskeli." Mhandisi atajibu kwamba maombi yamepokelewa na yanafanyiwa kazi, na hatakuwa amedanganya.

Omba kitu chenye mahali, urefu na upana. Mfano: "Barabara fulani, kutoka makutano A hadi daraja B, mita 850, njia ya baiskeli ya mwelekeo mmoja kila upande, upana wa mita 2 usio na nguzo ndani yake, ikitengwa na magari kwa ukingo wa zege." Barua ya namna hiyo lazima ijibiwe ndiyo, hapana, au "mita 2 hazipo, zipo 1.6." Jibu la tatu ndilo zuri, maana hapo mazungumzo yameanza.

Halafu kuna suala la muda. Mradi wa barabara hupita kwenye upembuzi yakinifu, usanifu wa awali, usanifu wa kina, zabuni, kisha ujenzi. Kwenye usanifu wa awali kuhamisha mstari ni kazi ya dakika chache kwenye kompyuta. Zabuni ikishatoka, kila badiliko ni hela ya ziada na mkandarasi anadai siku za nyongeza, kwa hiyo hata afisa anayekuunga mkono atakukwepa. Watu wengi wanaamka wakiona greda. Wakati huo mchoro ulishasainiwa zamani.

Mlango mwepesi kuliko yote ni barabara inayowekwa lami upya. Mistari ya zamani inafunikwa, ni lazima ichorwe tena, na kuichora sehemu nyingine hakuongezi gharama ya maana. Omba orodha ya barabara zitakazowekwa lami mwaka ujao wa fedha, chukua futi kamba, nenda ukapime. Barabara ya mita 14 yenye njia nne za magari za mita 3.5 inaweza kuwa na njia tatu za mita 3 (moja kwenda, moja kurudi, ya katikati ya kukata kona), na mita 5 zinabaki. Kila upande unapata njia ya baiskeli ya mita 1.9 na kinga ya sentimita 60. Wakisema magari yatakwama, mamlaka ya barabara kuu ya shirikisho Marekani (FHWA) inaona mpangilio huo unafaa kwa barabara nyingi zenye magari hadi 20,000 kwa siku. Waulize yao yanapita mangapi.

---

Lami_na_Zege

Umenena mkuu. Niongeze kwenye vipimo, maana hapo ndipo watu wanapopigwa chenga.

Upana unaopimwa ni ule *unaotumika*. Mwendesha baiskeli mwenyewe ana kama sentimita 75, lakini baiskeli hainyooki kama treni, hivyo anahitaji karibu mita 1 akiwa kwenye mwendo, na zaidi akipanda mlima polepole. Pembeni mwa ukingo uliosimama wima, pedali inagonga, kwa hiyo sentimita 20 hadi 25 hakuna anayezitumia. Mchoro ukionyesha mita 1.5 kati ya kingo mbili zilizosimama, ulichopewa ni mita 1 na kidogo. Hakuna kumpita mwenzako hapo. Dawa ni ukingo mfupi uliolazwa kwa mteremko: gurudumu linapanda bila kukwama, na upana wote unakuwa wako.

Nguzo fupi za kuzuia magari nazo. Baiskeli ya mizigo na ile ya magurudumu matatu zinafika upana wa mita 1.2, kwa hiyo mwanya kati ya nguzo na nguzo uwe mita 1.5. Chini ya hapo umemfungia nje mwenye mzigo na mlemavu wa kiti mwendo, ilhali pikipiki inapenya kama kawaida. Vizuizi vya kupitia kwa kuzungukazunguka vina kasoro hiyo hiyo, tena zaidi. Na nguzo zisiwe mbili: weka moja katikati ukiweza, kwa sababu zikiwa shufwa, moja ya nafasi inaangukia katikati ya njia na watu wa pande zote mbili wanaivamia kwa pamoja.

Vifuniko vya mitaro: nondo zikilala sambamba na mwendo, tairi jembamba linazama na mtu anaruka juu ya usukani. Ziwe za kukingama. Hili liombeni peke yake, kwa barua yake, na picha ya kila kifuniko ikiwa na namba ya nguzo ya taa iliyo karibu. Ni kazi ya kikosi cha matengenezo, haihitaji usanifu wala zabuni, na ofisi inayokujibu mara moja huwa rahisi kukujibu mara ya pili.

---

Kengele_Ting

Samahani wakuu, swali. Tukipewa mstari wa rangi tu, si bora kuliko kukosa kabisa?

---

Spoku36

Inategemea mwendo na wingi wa magari. Mtaa ambao magari ni machache na mwendo ni kilomita 30 kwa saa hauhitaji hata mstari. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2020 (LTN 1/20) unasema watu wengi, hasa wenye watoto, hawatajisikia salama kuchanganyika na magari yakizidi 2,500 kwa siku na mwendo ukizidi maili 20, yaani kama kilomita 32 kwa saa. Kwa hiyo mtaani omba matuta yaliyosanifiwa vizuri na kufungiwa kwa njia za mkato za magari, usipoteze nguvu kwenye rangi.

Barabara kubwa ni kinyume chake. Rangi haizuii gari kuegeshwa, na ikichorwa kando ya magari yaliyoegeshwa inakupeleka moja kwa moja kwenye mlango. Mlango ukifunguliwa unachukua karibu mita 1. Mstari wa mita 1.2 uliobanana na maegesho ni mtego.

Mhandisi akikuambia kwamba kilomita 30 au 50 kwa saa hakuna tofauti, mpe hesabu hii. Dereva anatumia sekunde 1 kabla mguu haujafika kwenye breki. Kwa 30 gari limekwenda mita 8, kisha kwenye lami kavu linasimama ndani ya mita 5 hivi: jumla 13. Kwa 50, sekunde hiyo hiyo moja imekula karibu mita 14. Yaani mahali ambapo la kwanza limeshasimama, la pili halijaanza kufunga breki.

---

MchoraKona

Wakuu mnazungumzia sehemu rahisi. Katikati ya barabara ndefu mtu yeyote anaweza kuweka njia nzuri. Mchoro unaouzwa kwa wananchi huonyesha hapo, na miti juu. Nyie ombeni karatasi ya makutano, skeli ya 1:500 au inayoonyesha kwa undani zaidi ya hapo, kwa sababu hatari inakaa huko, na njia nyingi zinakatika mita 30 kabla ya taa, pale pale zinapohitajika.

Ajali ya kuogopa kuliko zote: lori na baiskeli wamesimama sambamba, taa inawaka kijani, lori linakata kona kuelekea upande ambao baiskeli ipo. Dereva juu ya kabini hamwoni aliye chini pembeni ya mlango, na magurudumu ya nyuma yanakata kona ndani zaidi kuliko ya mbele. Kioo cha ziada kinasaidia kidogo, tangazo la "kaa mbali na lori" halifiki hata hapo. Kinachosaidia ni mpangilio wa kona wenyewe:

Kwanza, kisiwa cha zege kwenye kona kinachomlazimisha dereva azunguke kwa mwendo mdogo. Nusu-kipenyo cha kona kikiwa mita 10 na kuendelea, gari dogo linapita bila kupunguza mwendo sana. Kishushwe hadi mita 4 au 6. Wakisema basi na magari ya zimamoto hayatapita, jibu ni kingo ya mawe iliyoinuliwa kidogo ambayo gari kubwa linaikanyaga na gari dogo linaikwepa.

Pili, kivuko cha baiskeli kisogezwe ndani ya mtaa wa pembeni, kama mita 5 kutoka kwenye barabara kuu. Mita 5 ni urefu wa gari moja. Dereva anakuwa ameshamaliza kugeuka, anaitazama baiskeli kwa mbele na siyo kwa kuchungulia begani, na ana nafasi ya kusimama bila kuziba walio nyuma yake.

Tatu, mstari wa kusimama wa baiskeli uwe mbele ya ule wa magari ili waonekane, na taa yao itangulie kwa sekunde 4 au 5. Palipo na malori mengi hiyo haitoshi, ombeni awamu (zamu ya kijani) yao peke yao. Mhandisi wa taa atalalamika kuhusu foleni. Mwombeni ratiba kamili ya taa, mtakuta mara nyingi kuna sekunde zinazopotea kwenye awamu isiyo na magari.

Halafu kuna kitu hakuna anayekiuliza: muda wa kuacha makutano yabaki matupu kabla upande wa pili haujaruhusiwa. Makutano ya mita 25, mtu ameingia sekunde ya mwisho ya kijani, anakwenda kilomita 15 kwa saa. Anahitaji sekunde 6 kuvuka. Njano ikiwa 3 na nyekundu ya pande zote ikiwa 2, gari la upande wa pili linapewa ruhusa yeye bado hajamaliza kuvuka. Kuongeza sekunde 1 au 2 hakuhitaji zege, ni kubadili namba ndani ya kabati la taa.

Na taa zinazowaka kwa kuhisi gari: ule waya uliofukiwa kwenye lami unahisi metali, na ukirekebishwa vibaya hauioni baiskeli, mtu anangoja nyekundu isiyoisha kisha anavuka kwa kuiba. Ombeni fundi aongeze usikivu wake na achore alama ndogo juu ya ukingo wa waya, ambapo gurudumu linapaswa kusimama.

---

PandeMbili

Mkuu MchoraKona, yote sawa, lakini kwa ushauri huu mji utajenga kilomita 2 kwa miaka 10. Sevilla, Hispania, walifanya tofauti: njia ya pande mbili upande mmoja wa barabara, imeinuliwa juu ya lami, mara nyingi palipokuwa na maegesho. Kuanzia 2006 walijenga kilomita kama 80 kwa haraka, ikawa mtandao mzima badala ya vipande, na watu wakatokea. Ukingo mmoja, mkandarasi mmoja, umemaliza.

---

MchoraKona

Sevilla walifaulu kwa sababu ya hilo neno lako, *mtandao*. Si kwa sababu ya pande mbili. Kwenye njia ya pande mbili, dereva anayetoka mtaa wa pembeni anatazama upande magari yanakotoka, na baiskeli moja kati ya mbili inamjia kutoka upande mwingine. Kando ya mto, reli au ukuta mrefu, ambako hakuna mitaa inayoingia, nakubali mia kwa mia. Kwenye barabara yenye geti kila mita 20, sikubali. Na upana wake uanze mita 3. Nimeona michoro ya mita 2 kwa pande mbili. Hapo usukani na usukani vinapishana kwa bahati.

Halafu angalia inavyoanza na inavyoishia. Mtu anayetokea upande wa pili anavukaje kuingia? Kama mchoro haujibu, ataendesha upande usio wake, na siku akigongwa wataandika ni kosa lake.

---

Hesabu_Mtaani

Naomba niguse takwimu, maana bila hizo mnabishana tu.

Hesabuni Jumanne, Jumatano au Alhamisi, siku ya kawaida isiyo ya likizo wala mvua kubwa, saa 1 hadi 3 asubuhi na saa 10 hadi 1 jioni. Fomu igawanywe kwa dakika 15. Kila anayepita wekeni mwelekeo, mwanamume au mwanamke, mtoto, mzigo, na alikopita: barabarani, njia ya miguu, au kinyume cha magari. Safu hiyo ya mwisho ndiyo yenye thamani. Watu 40 kati ya 100 wakipita njia ya miguu, wamewachorea ramani ya hofu yao bila kuhojiwa. Idadi ya wanawake nayo inasema mengi: ikiwa ndogo sana, barabara ile inatumiwa na wajasiri tu.

Mtu mmoja asimamie mwelekeo mmoja, asizidi saa 2 bila kupokewa. Akichoka anaanza kukadiria, na namba zinazoishia na 0 na 5 zinajaa kwenye fomu. Mhandisi mzoefu analiona hilo upesi.

Onyo: msipeleke hesabu ya barabara mbovu kama kipimo cha mahitaji. Mtajibiwa "watu 60 tu?" Pelekeni pamoja na umbali wa shule, soko na vituo vya mabasi ndani ya kilomita 3 hadi 5, hizo ndizo safari zinazoweza kuhamia kwenye baiskeli. Kule Portland, Marekani, Roger Geller wa ofisi ya usafiri ya jiji aliwagawa wakazi mafungu manne: wasioogopa chochote hawafiki asilimia 1, wenye kujiamini asilimia 7, wasiotaka kabisa asilimia 33, na wanaotaka ila wanaogopa asilimia 60. Yalikuwa makadirio yake kwa mji wake, msiyanakili kama ya kwenu. Ila swali lake libebeni: njia hii inajengewa fungu lipi?

Data za ajali za polisi ombeni za miaka 5, zikiwa na mahali halisi. Kumbukeni aliyeanguka peke yake kwa sababu ya shimo au kifuniko mara nyingi hayumo humo.

---

Kengele_Ting

Na wenye maduka? Huko ndiko naona miradi mingi inafia. "Mkiondoa maegesho mmetuua."

---

Hesabu_Mtaani

Msibishane nao, hesabuni nao. Simameni mlangoni, muulize wateja swali moja: umefikaje hapa? Mwaka 2006 shirika la Sustrans lilifanya hivyo Bristol, Uingereza. Wenye maduka walikadiria asilimia 41 ya wateja wanakuja na gari, ilikuwa 22. Mwenye duka akishiriki kuhesabu, namba inakuwa yake.

Ila na wao wana hoja ya kweli: mzigo. Lori la kushusha bidhaa likikosa pa kusimama litasimama juu ya njia yenu. Lipatieni nafasi yake kwenye mchoro, mtaa wa pembeni au kwa saa maalumu, kabla hawajaidai kwa hasira.

---

Lami_na_Zege

Hapo hapo dukani, ombeni vyuma vya kufungia. Nafasi moja ya gari, mita 5, inaingiza vyuma 5 vya umbo la U iliyopinduliwa vikiachana kwa mita 1, kila kimoja baiskeli 2. Baiskeli 10 badala ya gari 1.

Bomba la milimita 50, kimo sentimita 75, urefu sentimita 70 hadi 100, miguu ifukiwe sentimita 30 ndani ya zege. Vya kufungwa kwa nati hung'olewa kwa spana, labda nati ziwe za kukatika kichwa. Kataeni vile vinavyoshika gurudumu la mbele tu: baiskeli ikisukumwa ringi inapinda, na mwizi anaacha gurudumu na kuondoka na fremu. Na visiwe karibu na ukuta. Mara nyingi anayevifunga anavisogeza ukutani ili "visizuie watu", chuma kinabaki na upande mmoja.

---

Fimbo_Nyeupe

Jambo ambalo hamjaligusa. Halmashauri ikikosa ujasiri wa kugusa njia ya magari, inapaka picha ya baiskeli kwenye njia ya watembea kwa miguu na kuiita "njia shirikishi". Mkikubali, mmejitengenezea maadui ambao wangekuwa wenzenu: wasioona, wazee, wenye viti mwendo. Baiskeli haisikiki ikija.

Wekeni tofauti ya kimo kati ya njia hizo mbili, angalau sentimita 6 ili fimbo iihisi. Rangi haisaidii kitu kwa asiyeona. Kituo cha basi kiwe kisiwa, baiskeli zipite nyuma yake, na kivuko cha kuelekea kisiwani kiinuliwe hadi usawa wa njia ya miguu, chenye vigae vya vinundu. Kisiwa kiwe kipana kiasi cha kiti mwendo kugeuka baada ya kushuka. Mwaliko wa kikao cha mchoro utoke kwenu kwenda kwa vyama vya wenye ulemavu *kabla* ya mchoro wa kwanza, siyo baada ya malalamiko.

Na semeni mbele ya diwani kitu kinachomgusa asiyepanda baiskeli. Kampeni ya Uholanzi ya miaka ya 1970 iliitwa Stop de Kindermoord, komesheni mauaji ya watoto. Mwaka 1971 zaidi ya watu 3,000 walikufa barabarani kule, wakiwemo watoto zaidi ya 400. Baiskeli haipo hata kwenye jina.

---

PandeMbili

Mkikwama kabisa, dai majaribio ya miezi 6 au 12. Paris walianza njia nyingi za muda mwaka 2020 kwa rangi ya njano na vizuizi vya kuhamishika, baadaye nyingine zikawa za kudumu. Vipimo vya kufaulu viandikwe kabla ya koni ya kwanza kuwekwa (idadi ya baiskeli, muda wa mabasi, mwendo wa magari), la sivyo yatahukumiwa kwa malalamiko ya wiki ya kwanza.

Nguzo za plastiki zisiachane kwa mita 10. Gari lina mita 4 na nusu, umelichorea maegesho. Ziwe mita 3, na kwenye kona zikaribiane zaidi ya hapo. Ombeni akiba ya nguzo kwenye bajeti ile ile, kwa sababu zitagongwa, na nguzo tatu zikikosekana mfululizo njia imekwisha.

---

Lami_na_Zege

La mwisho kwangu ni makabidhiano. Mkataba wa ujenzi huwa na kipindi cha mkandarasi kurekebisha kasoro kwa gharama yake, mara nyingi miezi 12. Ulizeni kinaisha tarehe gani, na mwende miezi 2 kabla.

Chukueni rula ndefu ya mita 3, ilazeni juu ya lami: pakionekana mwanya mkubwa chini yake, andikeni kipimo na mahali. Nendeni baada ya mvua, pigeni picha madimbwi. Kwenye kila mteremko wa kuingilia barabarani pimeni kingo iliyobaki. Zaidi ya milimita 6 gurudumu linagonga, na ukiijia kwa pembeni linateleza. Angalieni mfuniko uliozama au kuinuka kuliko lami.

Ulizeni pia nani anafagia. Gari la kawaida la kufagia haliingii kwenye njia nyembamba iliyofungwa kwa kingo pande zote, na mchanga, vioo na majani vinasukumwa na magari hadi humo na kubaki. Jina la kitengo na ratiba yake ya kufagia viandikwe kwenye hati ya makabidhiano. Mkiambiwa "itapangwa", msiondoke kikaoni bila tarehe.